Pigo Nililoliacha Wazi

Fungeni mlango huo, mwambieni jirani nimelala, kisha sogeeni hapa kitandani nyote watatu, wanangu, mnisikilize vizuri, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kupayukia na sitaki kusema neno mara mbili. Joshua, kifunguamimba wangu, kaa kwenye kile kigoda, na hiyo Biblia iweke mapajani, hakuna anayekunyang'anya. Raphael, zima redio. Aneth, wewe kaa hapa hapa upande wa mkono wangu wa kulia, na usianze kulia, machozi yana siku yake na siku yenyewe haiko mbali. Daktari aliwaambia pale nje ya mlango kwamba moyo wa mama yenu umevimba, akadhani sisikii. Mimi niliyesikia ngoma tangu nikiwa tumboni nitashindwa kusikia mnong'ono wa daktari?

Nianze na vitu vyepesi, vile ambavyo watu huvigombania. Nyumba hii ya Nkuhungu baba yenu Sila, Mungu amrehemu, aliijenga kwa jasho la reli, tofali kwa tofali, na ni yenu nyote watatu, haiuzwi; atakayetaka kuiuza aje kwanza kaburini aniulize, nami nitamjibu. Ng'ombe walioko Mpwapwa kwa mdogo wangu Generosa wabaki kwa Generosa, maana wao wanamjua yeye na nyinyi hamjui hata majina yao. Cherehani apewe mkeo, Joshua, ingawa hajawahi kunishonea hata kifungo. Vyombo vya jikoni gawaneni bila kelele. Hayo yamekwisha, na yeyote atakayeyarudia baada ya mimi kufumba macho atakuwa ametafuta ugomvi kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililowaondolea usingizi. Chini ya kitanda hiki kuna furushi la ngozi ya mbuzi, na ndani yake mna sahani sita za santuri, za bendi ya Mawe Matatu, zile za mwanzo kabisa. Na chini ya mto huu kuna karatasi aliyoileta Bartolomayo Jumamosi iliyopita, akiwa na kijana wa kampuni ya kanda kutoka Dar es Salaam mwenye simu kiunoni, na karatasi hiyo inasema kwamba katika santuri hizo Bartolomayo alipiga gitaa, akaimba, na akapiga ngoma, na kwamba mimi Priska binti Matonya ni mtunzaji tu, niliyezihifadhi. Mwishoni wameacha nafasi ya dole gumba langu. Dole gumba! Mimi niliyesoma shule ya misheni hadi darasa la nane, enzi ambazo wavulana wenyewe walikuwa wanatoroka.

Najua mnavyowaza. Raphael unasema mama atie dole, dunia ni ya soko huria, kanda itoke, jina litakuwa la nani si neno. Joshua unasema zichomwe, ni nyimbo za dunia, na juzi ukaniambia ngoma ikivuma sana hupasuka. Aneth umenyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kunakonisumbua kuliko maneno ya kaka zako. Basi leo nitawaeleza jambo ambalo sikuwahi kuwaeleza, mkishajua ndipo mtatii, kwa sababu sitaki kutiiwa na watu wasiojua.

Mnaijua muheme, ile ngoma ndefu ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Nyumba ya mama yangu kule Mpwapwa ilikuwa nyumba ya muheme, mama kutoka kwa bibi, bibi kutoka kwa mama yake, na tulikuwa na mapigo yetu ambayo nyumba nyingine hazikuyaiga, si kwa kukatazwa bali kwa kushindwa. Na tulikuwa na mwiko mmoja. Anayeongoza hapigi pigo la mwisho. Anaijenga ngoma, anaipandisha, anaipandisha tena, kisha mahali pa kuifunga anainua mkono na kuuacha hewani, na ile nafasi inajazwa na binti yake, yule atakayemrithi, hata kama ni mtoto wa miaka saba aliyesimama kando na kamasi. Ngoma isiyokuwa na wa kuifunga huachwa wazi, na watu hurudi nyumbani wakijua kwamba nyumba hiyo bado inasubiri mtu. Mimi nilianza kumfungia mama nikiwa na miaka sita.

Nikaolewa Dodoma mjini na baba yenu, nikakuzaa wewe Joshua, kisha wewe Aneth. Mwaka wa sitini na nane walikuja vijana watatu wakapanga chumba cha uani kwetu: Bartolomayo wa gitaa, Ambokile kutoka Mbeya naye gitaa, na Respicius wa Bukoba mwenye besi ndefu kuliko yeye. Walikuwa na spika moja iliyokuwa inanguruma kama inaumwa, na muziki wao ulikuwa ule wa roki, wa magitaa ya kulia kwa ukali, ambao wazee walisema unatia wazimu. Na walikuwa na zile ngoma za kizungu, lakini hawakuwa na mpigaji. Bartolomayo alijaribu, na alipokuwa akipiga kuku wa jirani walikuwa wanahama. Siku moja nikiwa natwanga nikashindwa kuvumilia. Niliweka mchi chini, nikaingia mle chumbani nikamwambia, shemeji, ondoka hapo kwenye kiti.

Wanangu, sijui niwaambie nini kuhusu siku ile. Niliketi, nikakaza mapaja kama nimeibana muheme, mguu ukaona pedali, mikono ikaona njia, na ndani ya saa moja wale vijana watatu walikuwa wamekaa sakafuni wananiangalia midomo wazi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kabla wala baada, na msinitazame hivyo, nawapenda nyinyi, lakini kuzaa kunauma na kupiga ngoma hakuumi. Walijiita Mawe Matatu kwa sababu walikuwa watatu, na jina halikubadilika nilipoingia. Sikujali. Mafiga ni matatu, lakini hakuna anayepika kwa mafiga matupu. Moto nilikuwa mimi.

Baba yenu alijua tangu siku ya kwanza. Tuliposema tunakwenda Nairobi kurekodi, kwa lori la karanga, kupitia Kondoa na Babati na Arusha, siku nne za vumbi, aliniangalia akaniambia neno moja tu, "Nenda, ila urudi." Tukarekodi katika studio ya Mhindi mmoja, nyimbo kumi na mbili kwa siku mbili, na kila wimbo ulipofika mwisho mkono wangu uliinuka ukabaki hewani, kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa. Mhindi akasimamisha mitambo. "Mama amekosea mwisho, rudieni." Tukarudia, nikaacha tena. Akaturudisha mara ya tatu, akaona utepe wake unaisha, akatupa mikono juu akasema basi, iwe hivyo hivyo, Waafrika wataelewa wenyewe. Ndiyo maana mkisikiliza sahani hizo, kila wimbo unaishia kwenye shimo. Sikukosea, wanangu. Pale palikuwa mahali pa mtu.

Halafu ukafika wakati wa kuandika majina ya kubandikwa katikati ya sahani, na hapa ndipo kosa langu lilipo, nalikiri, maana mficha uchi hazai. Bartolomayo alinivuta pembeni, sauti ya upole kabisa, akaniambia, "Shemeji Priska, fikiri. Mke wa mtu, jina lake kwenye santuri, kila baa kutoka Kigoma hadi Mombasa. Sila atauweka wapi uso wake?" Nikaona aibu. Nikakubali. Akaandika Bartolomayo, gitaa, sauti na ngoma. Miaka mitatu baadaye baba yenu aliishika sahani moja pale mjini, akaisoma, akarudi nyumbani ananiuliza, "Mbona jina lako sikuliona?" Nilipomweleza alicheka, kisha hakucheka tena. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeshawaambia wenzangu wote wa stesheni kwamba yule ni mke wangu." Nilimlinda mume ambaye hakuhitaji kulindwa, wanangu, na kwa kumlinda nikamnyang'anya fahari yake. Hilo linaniuma kuliko moyo huu uliovimba.

Nipe maji kidogo, Aneth.

Sasa mama yangu. Mpwapwa palikuwa na duka lenye gramafoni, likipiga santuri barazani kuvuta wateja. Mama alikuwa amekwenda kununua chumvi. Akasikia. Hakumwona mtu, hakusoma jina, hakujua hata gitaa la umeme ni kitu gani, lakini ngoma alitambua ni ya nani, akasimama na chumvi yake juani hadi mwisho, akasikia lile shimo. Alikwenda Gulwe, akapanda treni, akafika kwangu asubuhi na hakuingia ndani. Alisimama pale uani mbele ya vijana watatu akaniuliza kwa Kigogo, "Umeinua mkono ukaacha wazi. Umemwachia nani? Huyu?" Akamnyooshea kidole Bartolomayo. Alizichukua sahani zote sita nilizokuwa nazo, akasema anakwenda kuzitia moto, na kuanzia siku ile hatukuzungumza tena neno la mama na binti, salamu tu, mbukwa, mbukwa, kama watu wa sokoni. Nikaacha bendi. Nikarudi kutwanga. Alikufa mwaka wa sabini na tisa nikiamini amekufa amenikasirikia, nikaishi na hilo miaka karibu ishirini, na wewe Aneth hukuwahi kuniona nagusa ngoma, ukadhani mama yako hajui.

Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, tembe la mama lilipobomolewa, kila mtu alikuwa anaokoa godoro na sufuria. Yeye aliokoa kilindo kimoja cha uwele, kile chombo kikubwa cha magome ya mti, kimezibwa kwa udongo na samadi, akabebesha wanaume wanne na hakukubali kifunguliwe. Alimwagiza Generosa kwamba kisiguswe hadi ije njaa isiyo na pa kukimbilia. Njaa zilikuja, Generosa akavumilia. Mwaka jana haikuvumilika. Mvua haikunyesha, mtama ukakauka ukiwa mchanga, na Generosa akachukua jembe akapasua ule udongo. Uwele ulikuwa mzima, akiba haiozi. Akachota, akapikia watoto, akachota tena, na siku ya tisa kata yake ikagonga kitu. Lilikuwa furushi la ngozi ya mbuzi. Sahani sita zimelala katikati ya nafaka, hazikupinda wala kukwaruzika, na juu yake kidani cha shanga nyekundu na nyeupe.

Mnajua kidani hicho ni cha nani? Katika nyumba yetu kinavaliwa na anayeongoza ngoma, na hakuna mwingine. Mama alikivua shingoni akiwa hai, akakiweka juu ya santuri zangu, akafunga. Mdomo wake haukuweza kulisema, lakini alikuwa amelisema. Generosa alipokuja hapa na lile furushi kwenye basi nililia hadi majirani wakaja wakidhani nimefiwa. Nilikuwa nimefufuliwa.

Raphael ndipo ukaziazima, ukaurekodi wimbo mmoja kwenye kanda, ule wa Lori la Kongwa, ukaupiga kwenye kibanda chako pale stendi. Vijana wa chuo wakauliza ni wazungu gani hawa. Ukasambaa, redio moja mpya ya Dar ikaupiga, na Bartolomayo, ambaye kwa miaka thelathini hakuniletea hata salamu, akasikia. Yeye hana hata sahani moja. Zake aliziuza, zikaisha. Ndipo shemeji akakumbuka njia ya Nkuhungu.

Jumamosi mlikuwepo nyote, mliona, lakini hamkujua mnachokiona. Nilimwambia, sawa Bartolomayo, kama ngoma ni yako, chukua sinia hilo, nipigie Lori la Kongwa. Akapiga. Sikatai, mapigo ameyasikiliza, ameyafanyia mazoezi, mzee wa watu alikuwa anatoka jasho. Akafika mwisho. Na mwisho akapiga tap! Akafunga, akatabasamu, kama mtu aliyefunga mlango wake mwenyewe. Nikamuuliza, na mbona kwenye santuri pigo hilo halipo? Akajibu mbele yenu, "Pale sahani imekwaruzika, shemeji." Zote sita zimekwaruzika mahali pamoja, Bartolomayo? Mlimwona alivyotazama chini. Yule kijana wa simu naye alimtazama. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake iliishia kwenye sinia langu la jikoni. Nikamwambia mgeni ameshaaga, mfungulieni mlango.

Basi sikilizeni, haya sasa si hadithi, ni amri.

Raphael. Karatasi hii nimeichana, vipande hivi hapa, shika uwashie jiko. Kanda itatoka, sikukatazi, unajua biashara na nakuombea heri, lakini kwenye kasha lake, kabla ya jina la mwanamume yeyote, paandikwe Priska Matonya, ngoma. Herufi kubwa kama zao. Na majina ya wengine yaandikwe pia, marehemu Ambokile, marehemu Respicius, na Bartolomayo mwenyewe, gitaa na sauti, maana gitaa alililiza kweli na mimi si mwizi kama yeye. Akikubali, vizuri. Akikataa, akimleta wakili, akimleta nani, santuri hazitoki katika nyumba hii, na kibanda chako kitauza kanda za wengine. Umenisikia? Usitikise kichwa, sema umesikia.

Haya.

Joshua. Wewe hutachoma kitu. Usinijibu, mwanangu, nakujua, unanipenda na unaniogopea moto wa milele. Lakini Mungu aliyenipa mikono hii hakuwa amelala siku ile. Na ule msemo wako wa ngoma kuvuma ikapasuka, yangu walinizibia miaka thelathini haijapasuka, hebu tafuta mwingine. Siku ya kunizika, kwaya yako iimbe, mchungaji aombe, sitaki fujo na kanisa langu. Ila kabla jeneza halijashushwa, wewe, mwinjilisti, kwa mkono wako mwenyewe, utaweka sahani kwenye gramafoni ya mzee wa jirani na utapiga Lori la Kongwa, sauti yote, wazee wa kanisa wakiwa wamesimama hapo hapo. Atakayenung'unika mwambie mama alisema mcheza kwao hutunzwa, na mimi nacheza kwetu. Ni heshima ninayokuomba wewe, si Raphael, kwa sababu Raphael angefurahi na wewe utajikaza. Niahidi.

Asante, baba. Asante.

Nizikeni Mpwapwa, karibu na mama. Bartolomayo akija msibani apewe kiti na ugali na mlenda kama watu wengine. Sijamsamehe, muda hautoshi. Nyinyi mkiweza, msameheni. Msigombane. Joshua, nduguzo ni wako hata wakikosea. Raphael, usipunje watu.

Ninyanyueni kidogo. Hapo. Pumzi… subirini.

Aneth. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unagonga sufuria, nami nakufokea uache, unakumbuka? Nilikufokea kwa sababu ulikuwa unagonga sawasawa, na ilikuwa inaniuma. Nisamehe. Inamisha kichwa. Kidani hiki… kikaze nyuma, vidole vyangu vimelegea. Santuri zote sita ni zako, si za kuuza wala za kutunza tu. Na muheme ya bibi yako iko kwa Generosa, ngozi yake imechakaa, iwambwe upya. Ukae naye, akufundishe anachokumbuka. Mengine yamo kwenye sahani. Utaketi huko ofisini ukipiga taipu, sawa, taipu nayo ina mapigo. Lakini jioni uende ukapige.

Mungu wa baba yenu na wa mama zangu awabariki. Awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto wenye masikio. Asiwepo kati yenu wa kuogopa jina lake mwenyewe, kama nilivyoogopa mimi.

Sasa nyamazeni. Nyote. Nipisheni huu ubao wa kitanda… mkono bado unajua.

Mnasikia? Ndiyo hiyo. Hivi… na hivi… inapanda… Mama alikuwa anaipandisha polepole hivi… na tena…

Hapa.

Nimeuinua, Aneth. Siwezi kuushikilia sana.

Usiniangalie usoni, angalia mkono. Ni wewe.

Ndilo. Ndilo hilo, mwanangu.